PABX ya zamani kuunganisha na Teams, kuna njia au tuitupe? (Kigoma)

mwanga_stoo:
Wakuu habari zenu, naomba msaada. Ofisini kwetu Mwanga hapa Kigoma tuna PABX (mashine ya kugawa simu za ofisi) ya Panasonic KX-TES824, ile ya analojia, zinaingia laini tatu za TTCL na ina ekstensheni nane, mpaka leo inapiga kazi, mlinzi getini anampigia mhasibu, mhasibu anampigia wa stoo. Sasa makao makuu Dar wamehamia Teams wote, ile programu ya Microsoft ya kupigiana simu kwa intaneti, wanataka mtu akipiga namba yetu ya 028 iite pia kwenye Teams za wenzetu walioko Kasulu na Kibondo, na wao wakiwa Dar wampate mlinzi kwenye ekstensheni yake ya 104. Bosi anataka tung'oe kila kitu tununue simu mpya, mi naona ni kutupa hela maana simu za mezani nzima kabisa. Kuna kifaa cha kuunganisha? Intaneti ni faiba ila umeme unakatika.

fundi_waya:
Msiitupe mkuu. Ila hiyo mashine haijui SIP kabisa, yaani lugha ya simu za intaneti, kwa hiyo katikati lazima kuwe na getiwei ya kugeuza analojia kuwa SIP, halafu SBC, kifaa kinacholinda na kuongoza simu za intaneti mpakani mwa mtandao wenu, ndo iongee na Teams. Wengi wananunua getiwei ya bei poa wanadhani wamemaliza kumbe bado, Microsoft wanasapoti SBC zilizo kwenye orodha yao tu, kina AudioCodes, Ribbon, Oracle, Cisco, na mawasiliano yanapita kwa TLS, yaani yamefichwa kwa usimbaji. SBC inataka IP ya umma (anwani inayofikika kutoka nje), cheti cha usalama cha mtoaji anayetambulika na jina chini ya domeni yenu wenyewe, ile ya onmicrosoft.com haikubaliki. Kuna AudioCodes Mediant zenye milango ya analojia na SBC humohumo, kwa ofisi ndogo ningeanzia hapo. Na kila atakayepokea simu kwenye Teams awe na laiseni ya Teams Phone, waulizeni Dar kwanza, wenye kifurushi cha Microsoft cha E5 tayari wanayo.

dada_netiweki_tbr:
Naongezea kuhusu milango maana hapa ndo kadi zinaungua. Milango ya simu ya analojia ni aina mbili: FXS inatoa umeme na toni, FXO inapokea. Laini ya TTCL inatoa toni, basi inaingia FXO ya getiwei. Ekstensheni ya PABX nayo inatoa toni, basi nayo iingie FXO, getiwei inakuwa kama ekstensheni mojawapo, mtu wa Dar akipiga inapokea toni ya ndani inabonyeza 104 mlinzi anaitwa. Usichomeke FXS kwenye ekstensheni, hapo vyote viwili vinatoa.

Kitu kingine kinachosumbua sana ni kukata simu. PABX za analojia nyingi hazitoi ishara kwamba mtu ameweka chini, zinatoa toni ya bize tu, getiwei isipoifahamu hiyo toni inaendelea kushikilia laini, utaona taa ya laini inawaka na hakuna anayeongea, wateja wanapiga wanakuta bize mchana kutwa. Rekodi toni ya mashine yako, pima masafa yake na muda wa kulia na kunyamaza, uingize kwenye getiwei kabla hujawakabidhi watu.

mwanga_stoo:
Asante sana dada, hilo la FXO nilikuwa sijalielewa. Na umeme ukikatika?

fundi_waya:
Hapo usihamishe laini zote tatu. Hiyo Panasonic umeme ukizima laini ya kwanza inaunganishwa moja kwa moja na simu ya ekstensheni ya kwanza, na laini ya shaba inapata umeme wake kutoka eksichenji, kwa hiyo mnapiga hata gizani. Ukiichomeka kwenye getiwei umeipoteza hiyo. Iache ya kwanza palepale, hamisha mbili, halafu UPS moja ibebe getiwei, ruta na kile kiboksi cha faiba, maana watu wanakumbuka ruta wanasahau kiboksi. Weka na kinga ya radi kwenye waya za simu na earth ya uhakika, mvua za huko hazina utani.

dada_netiweki_tbr:
Na namba kwenye Teams ziandike kwa +255, sifuri ya mbele inatoka, yaani 028 inakuwa +25528. Simu ikitoka kwenda TTCL, SBC iirudishe +255 kuwa sifuri, la sivyo simu za kutoka zote zitagoma.