Kikundi cha Ukoo: Mwanahamisi na darsa la Jumamosi

Mwanahamisi: Asalamu aleikum wana ukoo. Shikamooni wakubwa. Jumamosi baada ya Alasiri kuna darsa la akina mama, nami nimepangiwa kusema juu ya wake wa Mtume S.A.W. Dakika 20 tu. Naombeni mawazo, maana hizo ni za kutaja majina na nasaba zao basi.

Ami Rajabu: Waaleikum salaam, marahaba mwanangu. Mbona nyepesi hiyo. Bi Khadija na subira yake, Bi Aisha na mapenzi ya nyumbani, umalizie na utiifu. Akina mama wa siku hizi ndilo wanalolihitaji.

Bakari: Na uwakumbushe kwamba walitulia majumbani 😄

Shangazi Mwanaasha: Bakari, leo umeamkia upande gani?

Shangazi Mwanaasha: Kutulia majumbani kumo, Suratul Ahzab aya ya 33. Basi teremka na ya 34. Wameamrishwa wayakumbuke yanayosomwa humo majumbani mwao, Aya za Mwenyezi Mungu na hikima. Mlango wa chumba cha Bi Aisha ulifungukia msikitini. Mtume amefariki mwaka wa 11 Hijria, yeye kaishi mpaka wa 58. Miaka yote hiyo watu wanapanga foleni kumwuliza dini yao.

Dada Zena: Samahani nakatiza. Sufuria kubwa la pilau liko kwa nani? Jumamosi hiyo hiyo tuna hitima ya jirani.

Bakari: Liko kwetu, Dada Zena. Nitalileta.

Mwanahamisi: Shangazi endelea, naandika hapa.

Shangazi Mwanaasha: Waliopokea hadithi kwake ni wengi mno. Zilizohesabiwa kutoka kwake ni 2210. Abu Musa al-Ash'ari, swahaba mzima, anasema kila hadithi ilipowatatiza walimwendea Bi Aisha na wakakuta kwake elimu yake. Na hakuwa mtu wa kuitikia tu. Alipofikiwa na habari kwamba maiti huadhibiwa kwa kuliliwa na jamaa zake, imesimuliwa na Ibn Umar, alisema hakusema uongo ila amesahau au amekosea, kisha akawasomea aya kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwenziwe.

Ami Rajabu: Hiyo ya maiti wanazuoni wameijadili sana Mwanaasha, hata yeye si wote waliomfuata.

Shangazi Mwanaasha: Kweli kaka. Lakini wamejadili kauli yake kama wanavyojadili kauli ya Ibn Umar. Hakuna aliyesema anyamaze. Imam Zarkashi aliandika kitabu kizima cha mahali Bi Aisha alipowasahihisha maswahaba.

Mwanahamisi: Kizima? 😳

Shangazi Mwanaasha: Kizima. Na hii utaipenda. Mpwawe, Aisha binti Talha, alilelewa kwake. Anasimulia kwamba watu walikuwa wakija kutoka kila mji, wazee na vijana, na walio mbali wakiandika barua na kutuma zawadi. Akimwambia khalati, yaani mama mdogo, hii barua ya fulani na zawadi yake, anajibiwa: mjibu, na umlipe zawadi yake, kama huna cha kumpa nitakupa mimi.

Dada Zena: Kikundi chake hicho. Na walikuwa wanajibiwa, si kama humu mtu anauliza sufuria mara tatu.

Bakari: Nimeshajibu jamani!!

Ami Rajabu: Mimi sikatai elimu yake. Nasema mwanangu ana dakika 20 na wasikilizaji ni mama wa watoto. Achukue lenye faida nyumbani.

Shangazi Mwanaasha: Basi achukue tukio la Ummu Salama, mke wa Mtume, pale Hudaybiya. Limetokea ndani ya hema la mke na mume, nyumbani zaidi ya hapo ni wapi?

Ami Rajabu: Hapo umenena.

Mwanahamisi: Nisimulieni vizuri, naijua nusu nusu.

Ami Rajabu: Mwaka wa 6. Mtume katoka Madina na watu kama 1400, wamevaa ihramu, wanyama wa kuchinja wako nao, wanakwenda umra. Makureshi wa Makka wakawazuia. Ukafungwa mkataba kwamba mwaka huu warudi, waje mwakani. Maswahaba iliwauma sana, Sayyidna Umar mwenyewe alihoji. Mtume akawaambia simameni mchinje, mnyoe. Hakusimama mtu. Akarudia mpaka mara ya tatu. Kimya.

Bakari: Hata mmoja?

Ami Rajabu: Hata mmoja. Si kwa ukaidi, ni kwa huzuni, walikuwa wakitaraji labda amri itabadilika.

Shangazi Mwanaasha: Akaingia kwa Ummu Salama akamweleza. Naye hakumwambia pole peke yake. Alimwambia: toka, usimsemeshe mtu yeyote mpaka umchinje ngamia wako na umwite kinyozi wako akunyoe. Mtume akatoka akafanya vile vile. Walipomwona wakainuka wote, wakachinja, wakaanza kunyoana wao kwa wao, mpaka wakakaribia kuuana kwa msongamano na majonzi.

Shangazi Mwanaasha: Tazama alivyowasoma wale watu. Maneno yamekwisha kusemwa mara tatu, la nne lisingefaa kitu. Walichohitaji ni kuona kwamba jambo limekwisha kweli, na kichwa kilichonyolewa hakirudi nyuma.

Mwanahamisi: Subhanallah. Hiyo naichukua.

Ami Rajabu: Ichukue. Na useme Mtume alimsikiliza, hapo waume nao wana fungu lao.

Dada Zena: Ami, darsa ni la akina mama, waume watalisikia wapi? 😂

Ami Rajabu: Wake zao watawafikishia, hilo halina shaka.

Bakari: Ila Shangazi, wenyewe wanasema Vita vya Jamal ndiyo ushahidi kwamba mwanamke asitie mkono kwenye uongozi. Sisemi mimi.

Shangazi Mwanaasha: Husemi wewe lakini umeileta wewe. Mwaka wa 36, karibu na Basra. Bi Aisha alitoka kudai damu ya Sayyidna Uthman, khalifa aliyeuawa, pamoja naye Talha na Zubeir, upande wa pili Sayyidna Ali. Walikufa Waislamu wengi, na yeye aliijutia safari ile maisha yake yote. Sayyidna Ali alimrudisha Madina kwa heshima zote. Sasa niambie, Talha na Zubeir walikuwa wanawake?

Bakari: Hapana.

Shangazi Mwanaasha: Mbona sijawahi kusikia mtu akisema kwa ajili yao basi wanaume wasiongoze?

Dada Zena: 🤐🤐

Shangazi Mwanaasha: Mwanahamisi, ukiulizwa usifiche, jibu kwa adabu. Ila usiianzishe wewe, itakula dakika zako zote.

Mwanahamisi: Sawa shangazi. Na Bi Hafsa? Nataka kitu kimoja tu chake.

Shangazi Mwanaasha: Msahafu. Qur'ani ilipokusanywa zama za Sayyidna Abubakar, baada ya mahafidhi kuuawa katika vita vya Yamama, kurasa zilikaa kwake, kisha kwa Sayyidna Umar, kisha kwa Bi Hafsa. Uthman alipotaka kunakili misahafu ya kupelekwa mijini alituma kwake kuziazima. Zayd bin Thabit na wenzake wakanakili, kisha akarudishiwa kurasa zake.

Bakari: Khalifa anaazima?

Shangazi Mwanaasha: Na anarudisha. Baadaye Marwan alipokuwa gavana wa Madina alizitaka, Bi Hafsa akamkatalia. Hakuzipata mpaka Bi Hafsa alipofariki.

Mwanahamisi: Huyu alijua kuandika, au?

Shangazi Mwanaasha: Alijua. Alifundishwa na Shifaa binti Abdullah. Wakati ule waliojua kalamu hata wanaume walikuwa wa kuhesabu.

Dada Zena: Kuna yule aliyekuwa akifanya kazi za mikono, nimemsahau jina.

Ami Rajabu: Zaynab binti Jahsh. Akitengeneza ngozi na kushona, akipatacho anatoa sadaka.

Dada Zena: Huyo nampenda mimi. Mwanahamisi mtie hata sentensi mbili, kwa ajili yetu wa vibandani.

Mwanahamisi: Jamani dakika ni 20! Nimeamua hivi: Bi Khadija nitamgusa kidogo, mali yake na kuamini kwake mwanzo, maana wote wanamjua. Kisha Ummu Salama na Hudaybiya, hapo ndipo nitakaa. Bi Hafsa na kurasa. Bi Aisha na zile barua. Zaynab sentensi mbili za Dada Zena.

Ami Rajabu: Na utiifu?

Shangazi Mwanaasha: Kaka, Ummu Salama huyo huyo alimwambia Sayyidna Umar ajabu yako mwana wa Khattab, umeingilia kila kitu, sasa unataka kuingia mpaka kati ya Mtume na wake zake. Nimtie hapo kwenye utiifu?

Ami Rajabu: 😅 Hiyo mwache. Mwanangu, pita kesho baada ya Isha nikupe juzuu ya tafsiri, Suratul Fat'hi imeelezwa vizuri humo. Uirudishe kama Uthman.