Tupeane uzoefu: "Hakuwa riziki yangu", au ni sisi tulioamua?

Ndugu zangu, nimeisoma upya tamthilia ya Romeo na Juliet, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1597, na safari hii sikulia kama nilivyolia ujanani, nilikasirika. Shakespeare anatutangulizia kwamba wapenzi hawa walikwisha kuhukumiwa na nyota, na ni kweli kwamba barua ya Mtawa Laurence, aliyewafungisha ndoa kwa siri, ya kumweleza Romeo kwamba Juliet hajafa bali amelazwa kwa dawa ya usingizi, haikufika Mantua, mji alikohamishiwa Romeo, kwa kuwa mjumbe wake alifungiwa ndani ya nyumba iliyoshukiwa kuwa na tauni, jambo ambalo hakuna aliyelichagua. Lakini Romeo alipoletewa habari ya kifo cha Juliet, mtumishi wake Balthasar alimsihi awe na subira. Naye aliuliza tu kama kuna barua ya mtawa, akajibiwa hakuna, akaenda kununua sumu. Juliet aliamka muda mfupi baada ya yeye kukata roho.

Nilikasirika kwa sababu nilijiona. Mchumba wangu alinyamaza siku tisa, nikasikia kwa jamaa kwamba amepata mwingine, na usiku uleule nikamwandikia maneno ya kuvunja uchumba, maneno ambayo hata leo siwezi kuyarudia. Alikuwa amelazwa hospitalini, hana simu. Aliyasoma akiwa kitandani, akapona, lakini hakurudi kwangu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisema hakuwa riziki yangu. Ugonjwa haukuwa wangu, naam, ila maneno yale niliyaandika kwa mkono wangu. Nanyi tuelezeni yaliyowafika.

Mchangiaji wa kwanza:
Mimi nitakupinga, dada. Mume wangu alifariki barabarani katika mwezi wa nne wa ndoa yetu, siku ambayo nilimwomba awahi kurudi nyumbani. Nilijihukumu kwa ombi lile mpaka nikadhoofu, na kilichoniinua ni mama mkwe wangu, aliyenishika mkono akaniambia kwamba siku ya nyani kufa miti yote huteleza. Mnaposema kila jambo ni uamuzi, kumbukeni kwamba wapo wanaoishi kwa kuamini kudra.

Mchangiaji wa pili:
Kwangu hazikuwa nyota wala sisi wawili, walikuwa wazee. Walikataa, tukatii, kila mmoja akaoa na kuolewa kwingine. Juliet hakuwa ametimiza miaka 14, na baba yake ndiye aliyeiwahisha harusi ya kumlazimisha aolewe na mwingine, kutoka Alhamisi hadi Jumatano, hata mpango wa mtawa ukakosa siku moja iliyouhitaji. Uamuzi ulikuwepo, lakini mbona tunawadai watoto peke yao?

Mwanzilishi wa mada:
Kaka, hilo la Jumatano sikulipa uzito, nawe umenisahihisha. Dada yangu uliyefiwa, nimekusoma mara mbili, na naomba radhi kama maneno yangu yamelitonesha jeraha lako. Kumwomba mume awahi nyumbani ni upendo, na hukuwa na hata dakika moja ya kuijua njia iliyokuwa mbele yake. Mimi nilikuwa na usiku mzima, na namba ya dada yake nilikuwa nayo. Hapo ndipo ninapouliza, na ningependa wengine nao waseme: je, ulikuwepo muda wa kuuliza, na ulipokuwepo, ni nini kilichokuzuia?