Tupeane uzoefu: siku V8 yako yenye supachaja ilipokusaliti

Spana14
Wakuu, habari za mchana. Naanzisha uzi huu nikiwa na mawazo. Jana jioni nimewasha gari, likiwa sailensa tu (linaunguruma bila kukanyagwa) nikasikia mlio kule mbele, kama mtu anatikisa vijiwe ndani ya kopo la rangi. Nikikanyaga kidogo unapotea, nikiachia unarudi. Ni V8 (silinda nane zilizopangwa kama herufi V) ya lita 6.2, supachaja (mashine inayosukumia injini hewa ya ziada) ya kiwandani, sijagusa kitu zaidi ya kubadilisha oili. Nikazima, nikafunga boneti, nikaenda kulala, usingizi haukuja.

Aliyewahi kufiwa na injini ya aina hii atupe mkasa wake: ilianzaje, alisikia nini, alichelewa wapi. Na kama kuna anayeujua huo mlio aniambie kabla sijawasha tena.

MzeeWaGeji
Umenikumbusha msiba. Navuta kiti, nasoma.

PuliNdogo
Acha niseme, nimekaa nalo miaka minne. Jina langu humu mnaliona, na ndilo lililoniponza.

Nilitoa puli ya supachaja, lile gurudumu linalozungushwa na mkanda, nikaweka ndogo. Kwa asiyejua: puli ikiwa ndogo, supachaja inazunguka kasi zaidi na kusukuma hewa nyingi zaidi. Kompyuta ikaandikiwa programu mpya ya kuendana na hiyo hewa. Pampu ya petroli nikaiacha ile ile. Aliyeandika programu nilimuuliza kuhusu pampu, akasema "inatosha tosha". Fundi akirudia neno mara mbili, ogopa.

Miezi mitatu raha tupu. Siku hiyo jua kali, niko na mke wangu, mlima mrefu, mbele kuna lori. Gia ya tatu, nikakanyaga mpaka mwisho. Mshale wa presha ukapanda, supachaja ikapiga ule mluzi wake. Katikati ya mlima nikasikia tititititi, laini, kama mchanga mkavu unamwagwa juu ya bati. Mke wangu akauliza, "Hiyo ni nini?" Nikamwambia ni mawe madogo yanapiga chini ya gari. Barabara ilikuwa lami tupu, imefagiliwa na mvua ya jana yake.

Hazikupita sekunde tatu, gari likakata nguvu kama limeshikwa mkia, kisha mlio mmoja: PAA! Oili ikamwagikia eksozi, moshi ukafunika vioo vyote, usukani ukawa mzito kama wa trekta. Nikaliburuza hadi pembeni. Lile lori nililotaka kulipita likanipita polepole, dereva akanipungia mkono.

Nikashuka. Nyuma yetu kulikuwa na mstari wa oili barabarani, na katikati ya mstari kipande cha chuma ukubwa wa kiganja. Nikakiokota, kikaniunguza, nikakitupa, nikarudi na kitambaa. Ni ukuta wa bloku, ule mwili mkuu wa injini. Upande wa ndani unang'aa kwa oili, upande wa nje una nusu ya namba za kiwandani, nusu nyingine sikuiona tena. Konrodi (mkono unaoshika pistoni) ya silinda ya 7 ilikuwa imetoka kupunga upepo.

Tulipofungua tukakuta pistoni ya 7 imeyeyuka pembeni kwenye mifereji ya ringi kisha ikavunjika, na plagi yake ina vitone vya aluminiamu kama chembe za chumvi. Ya 5 nayo ilishaanza ufa. Rekodi za kompyuta zikamaliza ubishi: kila mzunguko wa injini ulipopanda, presha ya petroli ilikuwa inashuka. Hewa imejaa, petroli haifiki, mchanganyiko mkavu, joto juu, petroli inalipuka yenyewe kabla ya wakati wake. Ule mlio wa mchanga ndio huo.

Mpaka leo gari likilia chochote mke wangu hufunga mkanda vizuri na kusema, "Mawe madogo."

MamaGia
Pole sana kaka. Ila dereva wa lori kupunga mkono, nimecheka mpaka nimeona haya.

Chuma2003
Pole mkuu, lakini tuseme ukweli. Supachaja haikukuua, umejiua. Mimi nina Mustang Cobra ya 2003: lita 4.6, farasi 390 kutoka kiwandani, bloku ya chuma, konrodi za chuma kilichofuliwa, mgandamizo (kiasi silinda inavyobana hewa) 8.5 kwa 1. Waliimarisha chini kwanza ndipo wakaweka supachaja juu. Hata Dodge Hellcat ilipotoka kama gari la 2015 na farasi wake 707, mgandamizo ni 9.5 kwa 1, wakati ndugu yake wa lita 6.4 asiye na supachaja ana 10.9. Hiyo tofauti ni akiba iliyowekwa kwa ajili ya hewa. Wewe ukaja ukaila akiba yote kwa puli.

PuliNdogo
Sikuiponza kwa puli, niliiponza kwa pampu. Kuna watu wana puli ndogo kuliko yangu na wanatembea.

Chuma2003
Wanatembea leo.

PuliNdogo
Na hiyo ya 2003 inatembea lini? Kila ukiandika humu iko juu ya jeki.

Chuma2003
Nabadilisha bushi. Usihamishe mada.

Oktani
Yangu haikupasuka, ilinitia aibu tu. Safarini kituo kilichobaki kilikuwa na petroli ya daraja la chini, nikajaza nusu tenki. Sensa zikasikia injini inagonga, kompyuta ikachelewesha cheche, nguvu zote zikayeyuka. Gari la farasi mia sita likapitwa na gari lenye kiti cha mtoto nyuma. Kitabu cha gari kimesema oktani 91 (uwezo wa petroli kubanwa bila kulipuka yenyewe), tusikidharau.

MgeniWaHemi
Mimi pampu za kwetu zimeandikwa 95. Kwa hiyo nimeizidi 91 na niko salama, hata puli naweza kubadilisha?

FundiMstaafu
Hapana kijana, usijidanganye. Ile 91 ya vitabu vya Marekani ni wastani wa vipimo viwili vya oktani, RON na MON. 95 ya pampu yako ni RON peke yake. Ukizilinganisha ni karibu kitu kimoja. Hujapata ziada yoyote.

MgeniWaHemi
Shikamoo mzee. Puli nimeirudisha kwenye boksi.

Kimyakimya
Mimi haikupiga kelele kabisa, ndiyo maana niliteseka. Asubuhi gari kali, ukikanyaga mara ya pili limepoa, mara ya tatu kama limebeba matofali. Nimebadilisha plagi, koili, filta ya hewa, bure kabisa.

Kumbe hewa ikibanwa inachemka, na supachaja yenyewe imekaa juu ya injini katikati ya V, inaokwa kutoka chini. Intakula ndiyo inayoipoza hiyo hewa, na maji yake yana pampu yake ya umeme, mbali na ile ya rejeta. Geji ya joto kwenye dashibodi haiyahusu hata kidogo. Yangu ilikuwa inasoma katikati muda wote huku hewa inayoingia inaungua. Siku moja injini ikiwa bado ya baridi nikafungua kifuniko cha tangi la intakula (la intakula, si la rejeta, mtaungua) nikawasha gari. Kwenye gari langu maji yalitakiwa yaonekane yanatembea. Yalikuwa yametulia kama ya kisimani. Pampu imekufa zamani.

Halafu mashine zenyewe zina ukoo. Ndugu wawili wa jina la Roots, Wamarekani, walipata hataza ya kipulizia hewa chao mwaka 1860, na kilikuja kupuliza matanuru ya kuyeyushia chuma. Sisi tumekiweka juu ya injini kisha tunashangaa chuma kikiyeyuka.

MamaGia
Na oili ya supachaja yenyewe? Nyingi zina oili yao, haihusiani na ya injini, na hakuna dipstiki ya kukukumbusha. Niliambiwa ni ya maisha. Maisha ya nani? Nilipoinyonya kwa bomba la sindano ilitoka nyeusi, kiasi cha vijiko tu, na harufu yake ilitoa watu wawili nje ya gereji. Beringi za mbele zilishaanza kulia.

Oktani
Mimi sheria yangu ni moja, sikanyagi mpaka oili ipate moto. Oili, siyo maji. Maji yanawahi, oili inachelewa.

Chuma2003
Magari haya yameumbwa kukanyagwa. Ukilibembeleza sana linakuwa zembe.

MzeeWaGeji
Linakanyagwa likiwa kwenye jeki?

Spana14
Wakuu, nashukuru kwa misiba yote, lakini mlio wangu hakuna aliyeugusa. Gari bado limezimwa.

Chuma2003
Tapeti, vile vidude vinavyosukuma vali. Andaa na kemushafti, shafti inayoviendesha, kabisa.

Kimyakimya
Siyo tapeti, ni boliti za menifoldi ya eksozi (bomba linalopokea moshi kwenye injini) zimekatika. Likiwa baridi linafanya chichichi, likipata joto panaziba.

PuliNdogo
Mimi ningeuza.

FundiMstaafu
Msimtie mwenzenu hasara. Kijana, umesema mlio uko mbele na ukikanyaga kidogo unapotea. Tapeti iliyokufa haipotei namna hiyo, itakuongezea kasi ya kugonga kadiri injini inavyokaza mwendo. Boliti ya eksozi ndiyo kwanza italia zaidi ukikanyaga. Beringi ya konrodi vilevile, inapenda mzigo.

Angalia oili ya injini kwanza. Kisha, kama supachaja ina mkanda wake peke yake usioendesha pampu ya maji, utoe huo mkanda. Washa nusu dakika, sailensa tu, usiguse pedeli ya mafuta. Zima, urudi hapa.

Spana14
Nimerudi. Bila mkanda, kimya kabisa! Nikashika puli ya supachaja kwa mkono nikaizungusha kulia na kushoto. Inacheza kidogo kabla haijashika, na ikishika ndani inasema "tak".

FundiMstaafu
Basi ni kile kiungo kinachounganisha shafti ya puli na rota, kwa nyingi huwa na springi ndani. Kimechoka. Sailensa kinachezacheza, ukikanyaga mzigo unakikaza, ndiyo maana mlio unapotea. Injini yako nzima. Badilisha hicho kiungo, na ukishakuwa humo ndani badilisha na oili yake, beringi za shafti ya puli uzisikilize kwa kidole kabla ya kufunga.

MamaGia
Ziba pua.

Spana14
Asante sana mzee. Nalala leo.

PuliNdogo
Mpaka spea ifike, shemeji akiuliza, unajua la kumwambia.