Miaka 5 ya umasoni bila karatasi, nianzie wapi hapa Goma?

Fundi_Ndosho
Jambo yenu wote. Niko na miaka 24, nilianza na 19 kubeba mawe na kukoroga kwa yaya (kaka mkubwa) mmoja fundi, leo nasimamisha ukuta wa makoro, yale mawe ya volkano, mwenyewe tangu msingi mpaka juu, na krepi (plasta) napiga. Mwezi uliopita nikaenda kuomba kazi kwa shantie moja kubwa, kapita, msimamizi wa kazi, akaniona nikijenga akafurahi kabisa, kisha akauliza breve, ile karatasi ya ufundi, iko wapi. Sina. Akaniandika ede (msaidizi), malipo ya mbeba mchanga, iliniuma sana. Shule niliachia mwaka wa 2 ya sekondari. Niingie miaka 4 ya sekondari ya konstriksio (ujenzi) ama kuko njia ingine? Niko na bibi na mtoto, siwezi acha kazi.

Kapita_Lshi
Mdogo wangu, pole. Ile miaka 4 inaishia kwa diplome ya Leta, ile ya kumaliza sekondari, ni ya mwenye anataka kuendelea mbele mpaka kule INBTP, shule kubwa ya ujenzi ya Kinshasa. Wewe kazi tayari unaijua, nenda INPP, ile ya Leta yenye kufundisha batu kazi, iko tangu 1964 na Goma wako pale. Ila ukifika sema unatafuta perfeksionema, ile ya batu benye wako tayari mu kazi, juu ukisema unataka kuanza watakufundisha kushika mwiko na utapoteza miezi bure. Tena kitu batu wengi hawajui: kampuni yenye kuandikwa inalipa INPP sehemu ya mishahara ya wafanyakazi, asilimia 1 mpaka 3, kwa hiyo kumuomba patro akutume haiko kuomba sadaka.

DadaNivo_Bukavu
Kaka mimi ni mwanamke na niko masoni, nilipita hiyo njia. Nakuambia ukweli, mwiko walinikuta naujua, chenye walinipatia ni plani na metre, ile hesabu ya vifaa vyenye kazi itakula. Kwa testi waliniuliza betoni ya 350 (kilo 350 za simenti), mita kibe 1, inakula mifuko mingapi ya simenti? Mifuko 7 ya kilo 50, sasa najibu bila kufikiri, lakini zamani nilikuwa nakoroga kwa macho tu, bruwete (toroli) ya mchanga hapa, ya gravie (kokoto) pale, maji mengi juu iteleze vizuri, na hayo maji ndiyo yanaua nguvu ya betoni! Huku kwetu kwa milima ukijenga ukuta wa kuzuia udongo bila kuacha matundu ya maji kutoka, mvua ikija udongo unavimba, ukuta unalala juu ya nyumba ya jirani. Kule Goma kwa makoro maji yanapita chini haraka, huwezi kuliona hilo mpaka siku unapata kazi Bukavu. Njo maana nasema soma, hata kama mikono inajua.

Kapita_Lshi
Dada amesema vizuri. Na yule yaya yako akuandikie atestasio: ulianza lini, nyumba gani, kazi gani, atie sinyatire. Sheria ya kazi ya 2002 inajua aprantisaji, ile kujifunza kazi kwa fundi, na inataka kontra (mkataba) iandikwe, sisi njo tunafundishana kwa mdomo kisha mtoto wa watu anabaki mikono mitupu. Mimi vijana wangu wote sasa nawaandikia siku ya kwanza.

Fundi_Ndosho
Aksanti sana bayaya. Yaya hajui kuandika vizuri, nitaandika mimi yeye asaini mbele ya shefu wa avenue. Jumatatu napita INPP kuuliza kama kuko masomo ya jioni. Dada, ile metre, naweza kuanza kujifunza peke yangu na plani ya nyumba tunayojenga sasa?

DadaNivo_Bukavu
Ndiyo. Anza na chumba kimoja, hesabu matofali kabla hayajaletwa, kisha uone yamebaki ngapi.