Vikundi vidogo vya malezi shuleni: watoto wangapi, dakika ngapi, nini cha kuepuka?

Mwl_Mufindi
Habari za majukumu, wakuu. Niko shule ya msingi huku Mufindi, nimekabidhiwa malezi na unasihi. Darasa la nne na la tano kuna watoto ambao ukimwita mmoja ofisini anainamisha kichwa tu. Wengine wamefiwa, wengine wanalelewa na bibi huku wazazi wako Dar. Nataka kuanzisha vikundi vidogo. Mkuu wa shule amenipa Jumatano saa nane mchana. Naomba mambo ya kufanya, nadharia ninayo.

Mnasihi_Iringa
Mwalimu, anza na sita, wasizidi wanane. Wakiwa watatu, asipokuja mmoja kikundi kimekufa. Wakifika kumi, wawili watasema na waliobaki watakuwa watazamaji. Umri usipishane zaidi ya miaka miwili. Ndugu wa nyumba moja watenganishe, maana hakuna atakayesema ya nyumbani huku mwenzake anamkodolea macho.

Kinachoua vikundi vingi ni kukusanya wakorofi watupu. Watafundishana. Changanya: wawili wakimya, wawili wenye hasira, wawili waliotulia na wanaopendwa darasani. Hao waliotulia ndio wenzao watakaowaiga kusema "nimekasirika" bila kurusha ngumi. Tena kikiwa na mchanganyiko huo, shule nzima haitakiita kikundi cha yatima. Jina wachague wenyewe.

Dakika 40, mara moja kwa wiki, wiki nane, chumba kilekile. Dakika 5 za mwanzo kila mtoto anaonyesha hali yake kwa vidole, kimoja vibaya, vitano vizuri. Kisha 25 za shughuli moja, moja tu. Kumi za mwisho ni mchezo au wimbo, na usizile: mtoto akitoka analia akaingia kwenye hesabu, wiki ijayo haji.

Mpe kila mmoja punje tatu za maharagwe. Akisema, anadondosha moja kikombeni, zikiisha anasikiliza. Msemaji sana anajipimia mwenyewe, na mkimya anaona zamu yake ipo. Kusema "napita" kuruhusiwe siku zote.

Wiki mbili za kwanza ni kanuni na michezo, msiba usiuguse. Ya tatu na ya nne, hisia zina majina gani na mwilini zinakaa wapi: tumboni, kifuani, kwenye ngumi. Ya tano na ya sita, la kufanya zikija: mkono tumboni, vuta pumzi kwa hesabu ya tatu, toa kwa hesabu ya tano. Ya saba, mtoto anachora kiganja chake na kila kidole anakipa mtu mzima anayeweza kumwendea. Akikosa hata wa kidole kimoja, huyo ni wa kufuatiliwa upesi. Ya nane ni kuagana, na tangu ya sita uwe unawatajia wiki zilizobaki, kwani aliyefiwa hapendi kuachwa ghafla tena.

Ustawi_Tukuyu
Naongezea. Anayeshika fimbo ya nidhamu asiongoze kikundi, hata akiwa mpole kiasi gani.

Usiahidi siri yote. Sema siku ya kwanza: "Ya hapa yanabaki hapa, isipokuwa mtu akiumizwa, hapo nitatafuta msaada." Mtoto akianza kueleza kupigwa au kuchezewa, usimhoji mbele ya wenzake. Mwambie umemsikia, mtaongea wawili baada ya kipindi. Andika maneno yake kama alivyoyasema, siku hiyohiyo. Usimwite anayetuhumiwa "kusuluhisha". Mweleze mkuu wa shule, kisha afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Simu ya Mtoto ni 116, bure. Kutoa taarifa ni wajibu chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009.

Walezi waombe ridhaa kabla. Kwa bibi asiyesoma barua, nenda au mwite, mwambie ni kikundi cha kujifunza kuelewana na wenzao. Akisikia "tatizo la akili" atakataa, na ana haki.

Hiyo saa nane ibadilishe. Masika huku mvua hupiga mchana, na chini ya bati lisilo na dari mtoto mwenye sauti ndogo hawezi kusikika mpaka apige kelele. Nani atapiga kelele kusema mama yake amekufa? Omba asubuhi, ila muda wa uji usiuguse.

Mwl_Mufindi
Asanteni sana. Yupo mmoja wa darasa la nne, hasemi kabisa. Nimweke au nimwache?

Mnasihi_Iringa
Mweke. Mpe kazi isiyotaka maneno, kama kugawa maharagwe, na umkalishe ubavuni mwako, si mkabala. Akija kila wiki na kuchora, anashiriki. Ila muulize mlezi: nyumbani anaongea? Anakula, analala? Kama kote yuko hivyo, apelekwe kituo cha afya, na waanze na masikio. Mtoto mwenye sikio linalotoka usaha kwa muda mrefu huweza kuonekana mpole kumbe hasikii.