Tupeane uzoefu: kufunga geji ya joto ya pembeni kwenye lori

Mpanda Kitonga:
Wakuu, habari za majukumu. Nina Fuso inabeba vitunguu toka Ruaha Mbuyuni kupandisha Iringa, kwa hiyo mlima wa Kitonga ndiyo kazi yangu. Mshale wa joto kwenye dashibodi unakaa katikati siku zote, uwe na mzigo au tupu. Jirani yangu naye mshale wake ulikuwa hivyohivyo mpaka silinda hedi (kile kifuniko cha juu cha injini) ikapinda. Nataka kufunga geji ya pembeni, ile ya namba. Waliokwishafunga leteni uzoefu: sensa mliiweka wapi, umeme mlitoa wapi?

Fundi Umeme Makambako:
Mkuu, kwenye magari mengi ya siku hizi huo mshale umetengenezwa usimtie dereva presha. Toka nyuzi 75 hivi hadi karibu 105 haujongei. Ukianza kupanda, jua maji yalishapanda zamani.

Sasa kuhusu umeme. Fuso yako ni volti 24, na geji nyingi zinazouzwa madukani ni za gari ndogo, volti 12. Ninaletewa zikiwa zimeungua kila mara. Kuna mafundi wanakwepa hilo kwa kunyonya umeme kwenye betri moja kati ya zile mbili. Usikubali. Betri moja inaliwa zaidi, alteneta inazichaji zote kwa pamoja, baada ya muda moja imekufa na mwenzake amechajiwa kupita kiasi. Tafuta geji ya 24 au weka konveta ya kushusha 24 iwe 12. Waya utoke kwenye laini inayowaka ukifungua swichi, na uwe na fyuzi yake peke yake.

Semi ya Tunduma:
Mimi nilifungiwa kwenye hozipaipu ya juu: bomba linakatwa, katikati kinaingizwa kipande cha aluminiamu chenye tundu la sensa. Ilikuwa raha. Mlimani unaiona 88, 91, 94, tambarare inarudi.

Siku moja tunatoka Tunduma na mzigo, tumeshapita Mbalizi tunapandisha kuingia Mbeya. Namba ikafika 99, halafu ghafla ikaanza kushuka: 90, 82, 70. Utingo akashangilia, "imepoa bosi!" Mimi nikasikia harufu ya kulanti ndani ya kabini. Nikapaki pembeni, nikazima. Hozipaipu ya chini ilikuwa imepasuka, rejeta tupu kabisa! Sensa ilikuwa inaning'inia kwenye hewa, na inapima kile kinachoigusa tu. Tungeamini ile 70 tungeua injini pale pale.

Tangu hapo nina sensa mbili. Ya pili ni ya pete, imebanwa na bolti ndogo kwenye chuma cha hedi chenyewe. (Bolti ndogo nimesema, zile kubwa za hedi msiziguse.) Maji yawepo yasiwepo, chuma kikipata moto kengele inalia.

Mtu wa Malaba:
Salamu toka Kenya ndugu zangu. Joto la maji huja likiwa limechelewa. Mimi niliweka geji ya joto la moshi, sensa iko ndani ya manifoldi (bomba linalokusanya moshi toka kwenye injini) kabla ya turbo. Nikirudi Nairobi na kontena, ile kupanda toka Mai Mahiu, moshi hugonga 700 na maji bado yametulia. Nashusha gia moja, injini inazunguka zaidi na kupata hewa, na kabla ya kona inayofuata niko chini ya 600.

Lakini hiyo kazi isifanywe kando ya barabara. Mwambie fundi atoe turbo kwanza ndipo atoboe. Chembe moja ya chuma ikiingia kwenye zile panga, utanunua turbo nyingine. Wapo wanaopaka drili grisi eti itanasa vumbi lote. Hao waende na gari zao.

Mama Mwenye Gari:
Mimi ni mmiliki, siendeshi. Niliweka geji yenye kengele, dereva akakata waya kwa sababu inampigia kelele kutwa nzima. Hiyo kengele inatakiwa iwekwe ngapi?

Fundi Umeme Makambako:
Mama, uliyemfungisha aliweka chini mno, labda 90. Temostati (ule mlango unaoruhusu maji kwenda kwenye rejeta) inayoanza kufunguka 82 inamaliza kufunguka karibu na 95, kwa hiyo huko ni kazi ya kawaida. Weka 102 na dereva hataichukia. Ila mfuniko wa rejeta uwe mzima. Ukibana presha sawasawa maji yanavuka 100 bila kuchemka. Ukilegea, huko Iringa kwenye mita 1,500 na zaidi yanachemka kwenye 95, kengele haijasema neno.

Mpanda Kitonga:
Asante wakuu. Sensa niliyoiona dukani ina waya mmoja, nifunge na thredi tepu?

Fundi Umeme Makambako:
Hiyo inapata ethi (njia ya umeme kurudi) kupitia mwili wake. Ukiizungushia tepu nyingi inasoma chini kuliko ukweli. Na ukiiweka kwenye kile kipande cha hozipaipu kama mwenzetu wa Tunduma, mpira haupitishi umeme, kwa hiyo vuta waya wa ethi toka kwenye kipande hadi kwenye injini.

Angalia na thredi. Sensa nyingi za hizi geji ni 1/8 NPT (kipimo cha Kimarekani), thredi 27 kwa inchi. Matundu ya Kijapani ni 1/8 BSPT (kipimo cha Kiingereza), thredi 28. Inaingia mizunguko michache kwa mkono vizuri kabisa, kisha inagoma. Hapo ndipo watu wanaleta spana ndefu na kupasua hausing ya temostati. Tafuta adapta.

Semi ya Tunduma:
Halafu mkuu, geji na sensa yake ununue pamoja. Usichukue geji hapa na sensa kwa jirani, kila moja ina omu zake (kipimo cha ukinzani wa umeme), utasoma 80 wakati gari liko 100.