Wauzaji wa nguo mtandaoni, tumechoka kununua umbo la mwanamitindo

Wakuu, salaam. Wiki iliyopita nilituma shilingi 85,000 kwa duka moja la mtandaoni lililopo Kariakoo, nikapokea mzigo wangu stendi ya Msamvu, na gauni nililolinunua kwa ajili ya kicheni pati ya mdogo wangu likagoma mbavuni: zipu ilipanda hadi usawa wa matiti ikakwama, haipandi wala haishuki, ikabidi mama aje kunitoa humo.

Niliagiza XL kwa sababu ndiyo ninayovaa siku zote. Nilipogeuza shingo ya gauni nikakuta lebo imeandikwa 170/92A, ambayo kwa vipimo vya China ni nguo ya mwanamke mwenye urefu wa sentimita 170 na kifua cha sentimita 92. Kifua changu ni 103. Kipimo kilikuwepo muda wote, kimeshonewa kwenye nguo, na aliyeishika mkononi na kuifunga kwenye mfuko hakuona sababu ya kukitaja! Nilipolalamika nikajibiwa: "Mpenzi, saizi umeitaja mwenyewe, na mali ikiuzwa hairudishwi." Fundi alipofumua ubavu akanionyesha kuwa ndani hamna hata nusu sentimita ya kuachia.

Wenzetu Marekani wameshatoka huko. Maduka ya Walmart yaliinunua mwaka 2021 Zeekit, kampuni ya programu za kujaribishia nguo kwenye picha, na mwaka uliofuata wateja wa Walmart wakaanza kujivisha nguo kwenye picha zao wenyewe. Google nayo, Juni 2023, ilianza kuonyesha blauzi zikiwa zimevaliwa na wanawake wa saizi kuanzia XXS hadi 4XL, na Mei 2025 ikaanza kuwaruhusu wanunuzi wa huko kupakia picha zao. Sisi tunauziwa kwa picha ya msichana mwembamba ambaye hata muuzaji hamjui.

Hata hivyo, asije mtu hapa kuniambia kwamba programu pekee ingeniokoa. Picha ya akili mnemba hukisia tu jinsi kitambaa kinavyoangukia mwilini: ingenionyesha kama rangi ya haradali inanipendeza na kama gauni linaishia gotini au juu yake, jambo ambalo kwa ukwe nalo si dogo, lakini haiwezi kujua zipu itafika wapi ikiwa hakuna aliyeipa upana wa kifua cha gauni lenyewe. Bila vipimo, ingenivika vizuri kabisa, huku natabasamu, gauni lile lile lililonibana.

Kwa hiyo, wauzaji mliomo humu, ilazeni nguo mezani, mpime kifua, kiuno, nyonga na urefu, mwandike kwa sentimita chini ya kila picha, ndipo mtuletee hizo programu za kujaribishia, tena mtueleze picha zetu zitahifadhiwa wapi na nani. Futi ya fundi haihitaji intaneti.

Gauni lipo kitandani, ubavu umefumuliwa, na kicheni pati ni Jumamosi.